Ukuta Unaonenepa

Niliingia katika mji ule kwa kazi ya siku moja. Neno hilo nalishikilia kwa meno, kwa kuwa mengine yote yameniponyoka: mwaka niliofika, umri niliokuwa nao, hata jina. Kibali changu kilisema Nasoro Kilindo, mpima ardhi, siku moja. Wino wa jina ulififia mapema, wenyeji wakawa wananiita Mpima tu, nami nikawa naitika kama mtu anayemwitikia ndugu yake asiyekuwepo. Lakini siku moja, hiyo nina hakika nayo. Nilibeba shati moja.

Mji hauna jina. Umezungukwa na ukuta, na ukuta una lango moja. Jua limesimama pale linaposimama saa kumi ya alasiri na halishuki. Watu hulala wakichoka, huamka wakitosheka, na neno "kesho" hulitaja kama tunavyotaja nchi ya mbali ambako jirani wa jirani aliwahi kufika.

Aliyeniita ni Mwangalizi wa Ukuta, bwana mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayezungumza kando ya mgonjwa. Alinipokea ofisini na karatasi iliyokwisha kuandikwa: *Nimepima. Ukuta haujasogea.*

"Weka saini, Bwana Mpima," alisema. "Ukimwonyesha bawabu karatasi hii, lango litafunguka. Kazi yenyewe ndiyo hiyo."

Kabla ya kuingia nilikuwa nimeuzunguka ukuta kwa nje, ramani mkononi. Ulikuwa umesimama palepale ulipochorwa, haukupita hata upana wa kidole. Kwa hiyo karatasi ilisema kweli. Sikuwa na sababu ya kukataa, ila macho yalikuwa mazito kwa uchovu. Nikasema nitasaini nikishaamka. Mwangalizi akatabasamu, akanielekeza kwenye nyumba ya kulala wageni. Hivyo ndivyo nilivyofungwa: kwa usingizi, si kwa kosa.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanatumu, fundi cherehani, mjane wa makamo. Ilikuwa katika mtaa ulioegemea ukuta, nyumba zote zikiufanya ukuta wenyewe kuwa ukuta wao wa nyuma. Aliniwekea mkeka chini ya meza ya cherehani, maana hapakuwa na pengine. Nilipoamka nikaona miguu yake juu ya kanyagio, ikipanda na kushuka karibu na uso wangu.

"Umelala vizuri, kaka?"

"Nimelala, dada. Ila nimejikunja."

"Wote tunajikunja." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nikuulize kitu, wewe ni mtu wa vipimo. Nilipoolewa, kitanda kilikaa kwa upana humu ndani, na cherehani ilikaa miguuni pake, na mtu alipita. Sasa kitanda nimekitoa. Majirani wananiambia, Mwanatumu, umenenepa. Wengine wanasema tumezaa mno, wengine wanasema ni macho ya uzee. Mimi si mwehu. Chumba hiki kinapungua."

"Ukuta haujasogea," nilimwambia. "Nimeupima mwenyewe."

"Umepima chumba?"

"Sikuitwa kupima chumba."

"Basi nakuita mimi."

Nilijua jibu la kumpa. Kila mwenye taaluma analo, amelikunja mfukoni tangu siku ya mahafali. Nikamweleza kwamba kazi yangu ina utaratibu wake. Kwamba nikimpimia yeye bure watakuja kumi. Kwamba kinachotolewa bure hudharauliwa. Kwamba kipimo ni dhamana, na mtu habebi dhamana ya asiyemwajiri. Nilisema kwa upole, na kila neno lilikuwa la haki. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mteja anayetaka kanzu kwa kitambaa cha shati.

"Haya," akasema. "Kama huwezi kunipimia, nifundishe kuisoma hiyo futikamba yako."

"Nilisoma miaka mingi, dada. Si jambo la kufundishana sakafuni."

Alirudi kwenye kanyagio. Mimi nikanyanyuka niende nikasaini, na hapo ndipo tuliposikia sauti ya kilio.

Aliyefariki alikuwa Mzee Kibwana, mwashi wa zamani, wa nyumba ya mwisho kichochoroni. Mwanawe, Fundi Mlekwa, naye mwashi, alitoka mlangoni na kiganja cheupe cha chokaa, akashika tama, akaulizia wanaume wa kubeba. Sikumjua marehemu. Lakini mtu hapiti msiba akaendelea na safari zake. Nikaweka mkoba chini, nikaingia kushika jeneza.

Jeneza la msikiti ni moja. Ndilo lililombeba kila maiti wa mtaa ule, na kichochoro cha kutokea ni kimoja. Tuliinua, tukaanza kuleta tahlili, tukaenda kwa hatua fupi. Kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba wabebaji wa kando walilazimika kujitoa, tukabaki wawili mbele na wawili nyuma. Tulipofika kwenye kona, jeneza halikupinda. Tukarudi nyuma, tukajaribu kwa upande wa pili. Halikupinda. Mbao zilikwangua lipu pande zote mbili, vumbi jeupe likatuangukia kichwani. Bega langu la kulia lilibanwa kati ya jeneza na nyumba ya watu, nikashindwa kwenda mbele wala nyuma, maiti juu yangu, pumzi ya watu shingoni.

"Liinamishe!" mtu alisema.

"Unamwinamisha mzee wa watu?" Mlekwa alijibu kwa ukali, na ukali ule ulikatika katikati. "Mama tulimpitisha hapa. Kona hii hii. Tulipita watu sita, na mimi nilikuwa kando."

Tahlili ilikoma. Sikuweza kugeuza shingo, kwa hiyo nilikuwa nautazama ukuta wa nyumba kwa umbali wa kope, na katika utazamaji ule akili yangu ilifanya kazi yake bila kuniomba ruhusa. Mbao hazikui. Kona haikuhamishwa. Jeneza ni lile lile. Nilikuwa nimebanwa ndani ya kipimo. Nilikuwa nimekataa kukichukua, nacho kikanichukua mimi.

Mwishowe tulimpitisha Mzee Kibwana juu ya mapaa, mkono kwa mkono, wanawake wakiinamisha nyuso zao madirishani wasione. Tulimzika. Niliporudi, sikwenda ofisini. Nilifungua mkoba.

Naomba nisisifiwe kwa hilo. Sikusukumwa na huruma. Nilisukumwa na aibu, na aibu hiyo ilikuwa na historia. Nilipokuwa mwanafunzi wa upimaji, tulijifunzia juu ya mashamba ya watu. Watu maskini, maana matajiri hawawakubali wanafunzi. Kuna mama mmoja ambaye shamba lake nililikosea pembe, na mwalimu akacheka akasema, utajua. Nikajua. Lakini pembe ile imepinda hadi leo, na mama yule alituletea uji. Nani alinilipia elimu? Nilizoea kusema baba yangu. Kumbe alilipia karatasi tu. Ujuzi wenyewe nilikatiwa kutoka kwenye ardhi ya watu ambao hawakuulizwa, kisha nikautia mfukoni, nikauita wangu, nikauwekea bei wasiyoweza kuifikia. Ujuzi ni wa nani? Wa aliyenao, au wa wale ambao ulichimbwa kwao?

Nilimkuta Bi Mwanatumu akikunja khanga ya msiba.

"Nishikie hapa, dada," nikamwambia, nikampa ncha ya futikamba.

Akaniangalia. Hakuniuliza nimebadilishwa na nini. "Niweke wapi?"

"Kwenye ukuta wa nyuma. Ikaze. Usiiinue."

Hati ya nyumba yake, iliyokuwa imekunjwa ndani ya Kurani, ilisema chumba kina futi kumi na mbili. Nikasoma futi saba na inchi mbili. Nilirudia mara tatu. Kisha nikamwita aje asome mwenyewe. Nikamwonyesha mistari mirefu ni futi na mifupi ni inchi. Ilimchukua muda usiozidi wa kutunga uzi kwenye sindano. Miaka yangu mingi!

Akaketi juu ya mkeka. Nilidhani atalia. "Saba na mbili," alisema taratibu. "Basi sikunenepa."

Tukaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Kila tulipoingia palikuwa na mtu wa kutuambia sababu yake: huyu alidhani anaadhibiwa, yule aliwalaumu wakwe, mmoja alikuwa amemfukuza mdogo wake kwa kudhani anamjazia nyumba. Tulipowasomea vipimo, hawakufurahi. Habari ile haikumtoa mtu popote. Bado walikuwa wamebanwa, na sasa walibanwa kwa tarakimu. Lakini niliona jambo moja: mtu aliyekwisha kujua upana wa chumba chake husimama tofauti. Huacha kuomba radhi kwa mwili wake.

Palibaki fumbo. Nje ukuta haukusogea, ndani umekula karibu futi tano. Mwisho wa mtaa kulikuwa na tundu la kupitishia maji ya mvua. Ramani ilisema ukuta una unene wa futi tatu. Nikaingiza nondo, nikaisukuma mpaka ikatokea ng'ambo, nikaweka alama, nikaichomoa na kuipima mbele ya watu. Futi nane.

"Umenenepa," alisema Bi Mwanatumu. "Wenyewe ndio umenenepa."

Fundi Mlekwa alikuwa amesimama nyuma yetu na nguo zake za msiba. Alisogea, akaishika ile nondo, akapitisha kidole kutoka alama hadi alama.

"Huo ni ukarabati," akasema.

"Ukarabati gani, Fundi?"

"Ufa ukitokea, ofisi hunituma. Tunawahamisha watu, natia tofali mstari mmoja kwa ndani, napiga lipu, wanarudi. Mstari mmoja tu. Nikimaliza, nyumba inasogezwa mbele kidogo ipate nafasi. Baba alifanya hivyo kabla yangu." Akaiachia nondo. "Nilikuwa naziba nyufa, Mpima. Sikuwahi kujumlisha. Hakuna aliyeniagiza kujumlisha."

Hakuna aliyemtukana. Alikaa chini pale pale kwenye mtaro, mwashi bora wa mji ule, aliyejenga kona ambayo baba yake hakuweza kuipita.

Mwangalizi aliniita. Niliikuta ofisi yake kama nilivyoiacha, ila meza ilinielekea karibu zaidi, au mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza kuona. Nikamwekea vipimo vya nyumba thelathini na moja.

"Nani amekutuma?" aliuliza kwa sauti ile ile ya kando ya mgonjwa.

"Hakuna."

"Nani amekulipa?"

"Hakuna."

"Basi kazi hii haina mwenyewe, Bwana Mpima. Siwezi kuipokea. Kila hati hapa ina aliyeiagiza na aliyeilipia. Ndivyo tunavyojua inasema kweli kwa nani." Akausukuma mkusanyiko wa karatasi kwangu kwa ncha za vidole. "Sikukatazi. Nakuhurumia. Kibali chako ni cha siku moja. Saini ile ya kwanza, uende. Karatasi haina uongo, wewe mwenyewe unajua."

Alisema kweli. Huo ndio ulikuwa mtego wenyewe, nami niliuona wote kwa mara ya kwanza: karatasi isiyo na uongo hata herufi moja, na watu wa nyumba thelathini na moja wamelala wamejikunja nyuma yake. Lango lilionekana dirishani. Bawabu alikuwa anapiga miayo. Nilikumbuka nyumbani, lakini nilikumbuka kama mtu anayekumbuka nyumba ya mwenzake: kochi la kijani, mtu akiimba jikoni, sikujua ni nani.

Sikusaini. Badala yake nikatoa futikamba, nikamwelekezea ncha.

"Nishikie, bwana. Tafadhali. Nipime na hapa."

"Hapa ni ofisi."

"Ina ukuta wa nyuma."

Sijui kwa nini aliishika. Pengine alikuwa na mashaka yake ya zamani; pengine hakuna aliyewahi kumwomba kitu kisicho na mhuri. Alisimama, akabana tumbo ili apite kati ya meza na kabati, akaweka ncha ukutani. Nikasoma kwa sauti. Nikamwomba ramani ya ofisi, akaitoa mwenyewe, akaisoma mwenyewe. Ilikuwa imepungua futi nne na nusu.

Alibaki ameshika ncha muda mrefu.

"Nilidhani mimi niko upande wa ukuta," alisema.

"Hata ukuta hauna upande, bwana. Una unene tu."

Akaiachia futikamba, ikajikunja kwa kishindo ndani ya kasha. Kisha akakichukua kibali changu, akakichana vipande viwili, polepole, bila hasira. "Mimi sikuona chochote," alisema. "Na wewe hujaondoka." Sijaamua hadi leo kama ile ilikuwa hukumu au ruhusa.

Nilirudi mtaani nikiwa mfungwa kamili. Nakiri kwamba niliogopa. Nilikaa chini ya meza ya cherehani, goti kidevuni, nikajilaumu kwa ujinga wa mtu aliyeugawa ufunguo wake. Nilimwambia Bi Mwanatumu kwamba sikuwa nimemsaidia yeyote. Nilichofanya ni kuongeza mtu mmoja katika chumba cha futi saba na inchi mbili.

"Kweli umeongeza mtu," alisema, akiuma uzi. "Unakula nini?"

Kupitia ukutani tulisikia mgongano, kisha mwingine. Tukatoka. Fundi Mlekwa alikuwa nyumbani kwa marehemu baba yake, amevua kanzu, patasi na nyundo mkononi, anabomoa ule mstari wa mwisho alioujenga. Hakuwa anapiga ovyo. Alikuwa anatoa tofali moja moja, zima, akipiga kwenye kiungo cha chokaa mahali anapopajua mwenyewe, maana mkono uliofunga ndio unaojua kufungua. Wenye mabavu walikuwa wamejaribu zamani kwa mitaimbo na paa likawaangukia. Huyu paa halikumtikisikia.

"Nani kakuagiza, Fundi?" jirani alimuuliza mlangoni, kwa hofu.

"Nipishe mwanga," Mlekwa alijibu.

Basi tukaanza. Sisemi mji mzima. Wengi walifunga milango, wakasema tutaleta balaa. Tulikuwa tisa, kisha kumi na wawili. Mimi na Bi Mwanatumu tulipima kabla na baada ya kila mstari ili Fundi ajue amefika wapi na wapi asiguse. Alikuwa na wanafunzi sasa, na mimi nilikuwa nao, mmoja wao ni nyanya wa miaka sabini aliyeishika futikamba kama anashika nyoka, kisha kama anashika mkono wa mjukuu. Mwanamke aliyekuwa mkunga alikuja kutufunga vidole vilivyopondeka. Kinyozi alitunyoa vumbi. Kila mmoja alileta kile ambacho mji ulikuwa umemzoesha kukiuza kwa ofisi peke yake, na nilistaajabu jinsi ambavyo hakuna aliyebaki mtupu kwa kukitoa. Fundi aliwafundisha wengine kufungua kiungo, na mkono wake mwenyewe ukazidi kuwa mwepesi.

Kilichotolewa kilikuwa kidogo. Shubiri moja nyumba hii, shubiri na nusu ile. Wakati mwingine ofisi ilileta waashi wengine wakajenga upya tulipobomoa, nasi tukabomoa walipojenga, na siwezi kusema nani alikuwa anashinda. Nilihesabu siku kwa usingizi wangu, kisha nikaacha. Ndevu zangu zilikuwa nyeupe nilipozigusa. Sikujua zilianza lini.

Mstari wa mwisho tuliufikia nyumbani kwa Bi Mwanatumu. Nyuma yake palitokea mawe makubwa ya kale, ukuta wenyewe wa kwanza, na katikati ya mawe palikuwa na umbo la mraba lililozibwa kwa tofali. Fundi akalipapasa.

"Dirisha," akasema. "Ukuta huu ulikuwa na madirisha."

Akaondoa tofali. La mwisho alilisukuma nje, tukalisikia likianguka chini. Upepo ukaingia. Sikuwa nimekumbuka kwamba upepo una harufu. Dirisha lilikuwa dogo. Mabega yangu hayakupita, niliyajaribu mara moja na kurudi na michubuko. Kichwa tu kingepita. Tukampisha mwenye nyumba.

Bi Mwanatumu alipandisha mtandio, akaingiza uso. Tulimwona mgongo tu, na mikono yake miwili imeshika mawe. Tukasubiri atuambie: shamba, bahari, barabara, chochote.

"Kuna ukuta mwingine," alisema. "Karibu. Na una tundu."

Siku niliyouzunguka mji kwa nje, pale palikuwa patupu. Kisha sote tuliisikia sauti ya mwanamke, nyembamba, ya mtu aliyekaa muda mrefu akizungumza na tundu lisilomjibu.

"Hodi! Nyie mliofungiwa huko! Huko kwenu kuna ajuaye kupima? Vyumba vyetu vinapungua, na tunaambiwa tumenenepa!"

Watu chumbani wakanigeukia mimi. Nilifungua kinywa. Lakini Bi Mwanatumu hakugeuka. Alikwishaegemeza kiwiko dirishani, kama anavyofanya mteja akija.

"Tupo," aliita. "Tupo kumi na wawili. Tuambie, dada, nyumba yako ni ipi, tuanze na wewe."